Ungo wa Hadhira: Bendi ya Bhundu Boys na Tatizo la True Jit

Utangulizi

Katika uhakiki wa sanaa kuna hukumu moja ambayo hutolewa mara kwa mara bila ya kuchunguzwa. Msanii hutokea na kazi ya kwanza ikasifiwa kote. Baadaye hutoa nyingine, nayo ikaonekana kuwa na sehemu nzuri na sehemu hafifu. Papo hapo husemwa kwamba kipaji chake kimepungua, au amelewa sifa, au amejiuza kwa wenye fedha. Hukumu ya aina hii imewaangukia waandishi wa riwaya, malenga na wanamuziki sawia. Makala haya yanaisaili kwa kutumia mfano wa Bhundu Boys, bendi ya magitaa kutoka Zimbabwe. Albamu yao Shabini ilipokewa kwa shangwe nchini Uingereza mnamo 1986. Mwaka uliofuata walitoa True Jit, nayo iliwavunja moyo wengi miongoni mwa wale wale walioishangilia Shabini.

Hoja ya msingi ni kwamba albamu hizo mbili zilipimwa kwa mizani moja ilhali si kazi za jinsi moja. Shabini ilikuwa mavuno ya nyimbo zilizokwisha kupetwa na hadhira ya nyumbani, ambapo pumba ziliondolewa kabla ya msikilizaji wa ng'ambo kuonja chochote. True Jit ilimfikia msikilizaji huyo kabla ya kupitia ungo wowote. Iwapo hoja hii ina mashiko, basi swali la kipaji kupanda au kushuka si swali la kwanza ambalo mhakiki anapaswa kuliuliza.

Huenda msomaji akashangaa kuona suala la bendi ya dansi likijadiliwa katika jarida la fasihi. Hata hivyo, wimbo ni utanzu wa fasihi, na uhusiano wa fanani na hadhira yake ni miongoni mwa nguzo za nadharia ya fasihi simulizi. Muziki wa magitaa wa Afrika umekuwa uwanja ambamo nguzo hiyo ilitikiswa waziwazi pale fanani alipohamishwa, kwa muda mfupi sana, kutoka kwa hadhira moja hadi nyingine.

Harare, 1980 hadi 1986

Zimbabwe ilijipatia uhuru tarehe 18 Aprili 1980, na bendi ya Bhundu Boys iliundwa mwaka huo huo. Jina lenyewe lina historia. Bhundu ni pori, na vijana wa bhundu walikuwa wale waliowasaidia wapiganaji wa ukombozi huko maporini. Kwa kujiita hivyo, bendi ilijitambulisha kwa watu ambao walikuwa na kumbukumbu mbichi za vita. Wanamuziki watano waliojulikana zaidi ni Biggie Tembo aliyeimba na kupiga gitaa, Rise Kagona wa gitaa, David Mankaba wa gitaa la besi, Shakie Kangwena wa kinanda na Kenny Chitsvatsva wa dramu.

Muziki wao uliitwa jit. Mapigo yake ni ya haraka, na magitaa huchezwa uzi mmoja mmoja yakijibizana, mithili ya vyuma vya mbira. Hawakuwa wa kwanza kuihamishia mbira kwenye gitaa. Thomas Mapfumo alikwisha kufanya hivyo katika miaka ya 1970 kwa nyimbo za chimurenga, hata serikali ya Rhodesia ikamtia kizuizini. Tofauti ni kwamba Mapfumo aliimba kwa uzito wa mtu aliyebeba jambo la taifa, ilhali Bhundu Boys walikuja na wepesi wa vijana waliokuwa wakisherehekea.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki ipo nasaba nyingine inayostahili kutajwa. Katika miaka ya 1970 santuri za benga zilizotolewa na mfanyabiashara Mkenya, Phares Oluoch Kanindo, zilisambaa hadi kusini mwa bara. Zilipendwa mno nchini Zimbabwe kiasi kwamba jina kanindo likawa jina la mtindo wa muziki. Mtindo mwingine wa huko uliokuja kutawala unaitwa sungura, kwa neno lile lile la Kiswahili. Kwa hiyo muziki wa magitaa wa Harare haukuwa kisima kilichofunikwa ambacho wageni walikifunua mwaka 1986. Ulikuwa umekwisha kuchota kutoka Nairobi, Kinshasa na Johannesburg, na kuyachanganya yote hayo na mbira. Jambo hili lina umuhimu kwa hoja itakayofuata.

Utaratibu wa kazi yenyewe ndio wenye kustahili kuangaliwa kwa makini. Bendi ya Harare ya wakati huo iliishi kwa kupiga muziki katika kumbi za bia na hoteli, kwa saa nyingi za usiku mmoja, mbele ya watu waliolipa ili wacheze. Wimbo mpya ulijaribiwa hapo. Ubeti uliowapoza watu uliachwa, na mahali walipoitikia palirefushwa. Wimbo uliodumu ndio uliopelekwa studio na kutolewa kama santuri ndogo yenye wimbo mmoja kila upande. Huko nako kulikuwa na mchujo wa pili, kwa kuwa ni baadhi tu ya santuri zilizopendwa redioni na kununuliwa. Bhundu Boys walirekodi katika studio ya Shed mjini Harare, na katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1980 walikuwa na nyimbo kadhaa zilizotamba nchini mwao, Hatisitose ukiwa mmojawapo.

Lugha nayo ilikuwa sehemu ya ungo huo. Yatosha kuangalia majina ya nyimbo zilizokuja kuingia katika Shabini. Dai Ndakaziva ni kauli ya majuto, ambayo Mswahili angeieleza kwa "laiti ningalijua". Kuroja Chete jina lake linagusa maisha ya kupanga chumba mjini. Pachedu ni neno la watu wanaoteta wakiwa wao kwa wao. Kila moja ya kauli hizi ilikuwa tayari midomoni mwa watu kabla haijawa wimbo. Mtunzi aliichukua, akaipa mahadhi, kisha akairudisha kwa wenyewe. Endapo aliitumia vibaya, wenyewe walikuwa pale pale ukumbini kumwonyesha kwa kuketi.

Uingereza, 1986 na 1987

Shabini ilitolewa Uingereza na kampuni ndogo ya Discafrique. Watangazaji John Peel na Andy Kershaw wa idhaa ya Radio 1 ya BBC waliipigia debe, na bendi ikazunguka nchi ile ikipiga muziki usiku baada ya usiku. Mwaka 1987 ilitoka albamu nyingine kutoka hazina ile ile ya rekodi za Harare, iliyoitwa Tsvimbodzemoto. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani kulielewa jina hilo: ni fimbo za moto.

Mwaka huo ulikuwa wa aina yake katika biashara ya muziki. Mwishoni mwa Juni 1987 wawakilishi wa kampuni ndogo za santuri walikutana katika baa moja mjini London. Waliafikiana kutumia jina la pamoja, muziki wa dunia, ili maduka yapate rafu ya kuwekea santuri zilizokuwa hazina mahali. Paul Simon alikuwa ametoa Graceland mwaka uliotangulia, na masikio mengi ya Ulaya yalikuwa yameelekezwa kusini mwa Afrika. Mnamo Agosti 1987 Bhundu Boys walipanda jukwaani katika uwanja wa Wembley, wakimtangulia Madonna, mbele ya makumi ya maelfu ya watu. Bendi ilikuwa imesaini mkataba na WEA, kampuni kubwa ya kimataifa, na ilitarajiwa kutoa albamu.

Albamu hiyo ndiyo True Jit. Mtayarishaji wake alikuwa Robin Millar, aliyekuwa amejizolea sifa kwa Diamond Life ya Sade ya mwaka 1984. Hii ilikuwa mara ya kwanza kwa bendi kutayarisha albamu nzima ikiwa na soko la ng'ambo akilini.

Fani ya True Jit

Albamu hii haina umoja wa ubora. Pale ambapo magitaa ya Kagona na Tembo yameachiwa nafasi ya kujibizana, na sauti zinaimba Kishona kwa kupokezana, nguvu ya Shabini inasikika bado. Tena inasikika kwa usafi wa kiufundi ambao studio ya Harare haikuwa nao. Upigaji wenyewe hauna kasoro: vidole havijasahau chochote.

Udhaifu unajitokeza katika mambo matatu. La kwanza ni lugha. Baadhi ya nyimbo zina majina na maneno ya Kiingereza, kama vile Jit Jive na My Foolish Heart. Kiingereza hakina kosa, kwani Bhundu Boys walikuwa wamekitumia hata nyumbani. Tatizo ni kwamba Kiingereza cha nyimbo hizi si cha mahali popote. Hakina mpangaji wa chumba wala jirani wa kumteta, na kimejengwa kwa maneno ya mapenzi na furaha ambayo mtu yeyote angeweza kumwimbia mtu yeyote.

La pili ni umbo. Wimbo wa jit hukua kwa marudio. Gitaa huzungukia mahali pamoja hadi mchezaji anaposahau kwamba ni marudio, ndipo badiliko dogo linapomgutusha. Katika True Jit baadhi ya nyimbo zimepangwa kwa kanuni ya wimbo wa pop wa redio ya Uingereza, ambapo ubeti unatakiwa ufikishe haraka kwenye kiitikio. Matokeo ni kwamba marudio yanabaki ilhali sababu yake imeondolewa.

La tatu ni sauti yenyewe. Katika Shabini ala zote zimesongamana kama watu katika chumba kidogo, na mtu husikia ukinzani baina yao. Katika True Jit kila ala imepewa nafasi yake na kulainishwa. Usanifu wa namna hii ulimfaa Sade, aliyehitaji uwazi kuizunguka sauti moja. Kwa muziki ambao uhai wake umo katika mabishano ya ala, uwazi huo ni hasara.

Maelezo mawili ya kawaida

Wahakiki walioiona kasoro hii wameieleza aghalabu kwa njia mbili. Njia ya kwanza inamlaumu mtayarishaji na kampuni, kwamba waliuharibu muziki halisi wa Kiafrika kwa kuutia sukari ya Kizungu. Njia ya pili inailaumu bendi, kwamba ilitamani umaarufu na kuuacha uasili wake.

Maelezo yote mawili yana chembe ya ukweli, lakini yote yanasimama juu ya dhana ya uhalisi ambayo historia haiithibitishi. Kama ilivyokwisha kuelezwa, jit ilikuwa mchanganyiko tangu mwanzo. Gitaa la umeme, kinanda na dramu si ala za mababu wa Washona, na benga ya Nairobi haikuingia Harare kwa kuombewa ruhusa. Bendi iliyokuwa imechanganya yote hayo ikatoa Hatisitose haingeweza kuharibika kwa sababu tu ya kuongeza kitu kingine. Tena maelezo hayo yanawanyima wanamuziki haki ya kutaka mapya. Mwanamuziki wa Manchester akijaribu mtindo mgeni huitwa jasiri. Wa Harare akifanya hivyo huambiwa amepotea. Mizani ya namna hiyo haifai kukubaliwa na mhakiki wa Kiafrika, hata kama yule anayeitumia anadai kuutetea muziki wa Afrika.

Ni sahihi zaidi kusema kwamba michanganyiko ya awali ilipetwa na hii haikupetwa. Kwa vyovyote vile, kabla ya 1986 Bhundu Boys walijaribu mambo mengi yaliyoanguka. Hakuna mtunzi asiyeangukwa. Tofauti ni kwamba maanguko hayo yalitokea ukumbini na kusahauliwa kesho yake. Mwaka 1987 jaribio lilitoka studio likaenda moja kwa moja dukani, likiwa na jina la kampuni kubwa juu yake, na likabaki hivyo daima. Msikilizaji wa London aliyelinganisha albamu hizi mbili alikuwa akilinganisha mchele uliokwisha kupetwa na mpunga uliotoka shambani, kisha akashangaa kuona makapi katika huo wa pili.

Ushahidi wa Glasgow

Pingamizi moja haina budi kujibiwa. Yawezekana kudaiwa kwamba hadhira ya Uingereza nayo ilikuwa hadhira. Bendi ilipiga mbele yake usiku baada ya usiku, na watu walicheza. Mbona basi hadhira hiyo haikufanya kazi ya ungo?

Sehemu ya jibu inapatikana katika albamu Absolute Jit ya mwaka 1990, iliyorekodiwa jukwaani katika ukumbi wa King Tut's Wah Wah Hut mjini Glasgow, Uskoti. Wakati huo bendi ilikwisha kutoa Pamberi mwaka 1989 na uhusiano wake na WEA ulikuwa umefikia mwisho. Waliokusanyika Glasgow, kwa sehemu kubwa, hawakujua Kishona. Hata hivyo nyimbo zinapumua. Marudio yanarudishiwa sababu yake, kwa kuwa wako watu wa kuyacheza, na magitaa yanabishana tena.

Ushahidi huu unalazimisha hoja ipunguzwe makali kidogo. Endapo lugha ingekuwa kila kitu, Glasgow ingeshindwa kama True Jit ilivyoshindwa. Kumbe hadhira hufanya kazi mbili tofauti. Kwa uwepo wake humwongoza fanani katika muda, yaani lini arefushe na lini akate. Kazi hiyo huweza kufanywa na mtu yeyote mwenye miguu ya kucheza. Kazi ya pili ni kumwongoza fanani katika maana: neno lipi limechakaa, kauli ipi imegonga ukweli. Kazi hii huhitaji watu wa lugha moja na maisha mamoja naye. Hadhira ya Uingereza iliweza kuifanya kazi ya kwanza pekee, na hata hiyo iliweza kuifanya ukumbini tu. Studio iliziondoa zote mbili kwa pamoja.

Funzo kwa uhakiki wa fasihi ya Kiswahili

Tatizo hili si la wanamuziki pekee. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840. Mashairi yake yaliandikwa na kuhifadhiwa kwa juhudi za Mwalimu Sikujua na mmisionari W. E. Taylor zaidi ya miaka arobaini baada ya kifo chake, na Diwani ya Muyaka iliyohaririwa na William Hichens ilichapishwa mwaka 1940. Katika miongo yote ya katikati, mlinzi mkuu wa beti hizo alikuwa kumbukumbu ya watu wa Mombasa. Kumbukumbu haihifadhi kila kitu. Huhifadhi kile ambacho watu wana haja ya kukisema tena. Kwa hiyo Muyaka anayesomwa vyuoni ni Muyaka aliyekwisha kupetwa. Mhakiki anapomweka kando ya malenga wa leo, aliyechapisha diwani yake nzima mwaka ule ule alioitunga, kisha akatangaza kwamba utunzi umeshuka, anarudia kosa la msikilizaji wa London.

Abdilatif Abdalla anaonekana, kwa mtazamo wa kwanza, kuipinga hoja hii. Mashairi ya Sauti ya Dhiki, iliyochapishwa mwaka 1973, yalitungwa gerezani alimokuwa akitumikia kifungo cha miaka mitatu kwa ajili ya waraka wa kisiasa wa mwaka 1968. Hakuwa na hadhira mbele yake, na hakuwa na nafasi ya kujaribu ubeti kwa mtu. Lakini alijua kwa yakini alikuwa akisema na nani. Lafudhi ya Kimvita, kanuni za vina na mizani, na watu wa Mombasa ambao wangezisoma beti hizo siku moja, aliingia navyo gerezani. Ungo alikuwa nao kichwani. Hapo ndipo hali yake inapotofautiana na ya Bhundu Boys wa 1987: yeye alitengwa na hadhira aliyoijua, ilhali wao walizungukwa na hadhira wasiyoijua. Mfano wake unaonyesha kwamba upweke si lazima uue utunzi. Kinachoudhoofisha ni kutojua nani anayesemeshwa.

Hitimisho

Biggie Tembo aliachana na bendi mwaka 1990. David Mankaba alifariki mwaka 1991, na Tembo mwenyewe mwaka 1995. Rise Kagona alikuja kuishi Uskoti. Historia ya bendi hii husimuliwa aghalabu kama tanzia, na katika masimulizi hayo True Jit hutumiwa kama dalili ya kwanza ya anguko, kana kwamba misiba iliyofuata ilikuwa imeandikwa ndani yake. Usomaji wa namna hiyo hauwatendei haki watu hao. Albamu isiyo sawasawa ni albamu isiyo sawasawa tu. Haiwi hatia, wala haiwi utabiri.

Makala haya hayakukusudia kuitetea True Jit ionekane kuwa kazi bora. Kasoro zake zimetajwa na zinasikika. Kilichokusudiwa ni kuonyesha kwamba sababu za kasoro hizo zimo katika namna kazi ilivyotengenezwa: muda uliokuwepo, watu waliokuwepo, na watu waliokosekana. Mhakiki akabiliwapo na kazi ya kwanza iliyosifiwa na ya pili iliyolaumiwa, kwanza ayaulize haya kuhusu kila moja. Ilitungwa kwa muda gani, ilijaribiwa mbele ya nani, na ni mangapi yaliyotupwa kabla ya kazi kumfikia? Baada ya kuyajibu hayo ndipo atakapokuwa na haki ya kuzungumzia kipaji.